Mtungi wa Sifuri

Kibanda changu cha maji kiko Kayole, nyuma ya kinu cha posho,
na kila alfajiri mitungi hufika kabla ya wenyewe:
wa manjano uliopasuka shingo, wa bluu uliozibwa kwa gunzi,
wa mafuta ya kupikia ambao bado unanuka chapati.
Imejipanga. Kila mmoja na pahala pake.
Uguse wa mwenzio, utasikia.

Kwa hiyo Mwalimu Syombua aliposema, "Leo ni safu,"
nikajisemea moyoni: hii nimeisomea miaka kumi na minne.
Safu ni vitu vya namna moja vilivyopiga foleni chini ya jina moja.
Humtaji mwenyewe, wataja nafasi.
Mitungi, nafasi ya tatu! Na nafasi ya tatu inaitika.

Ila akaanza kuhesabu kwa sifuri.
Darasa zima, vijana ninaoweza kuwazaa, wakatikisa kichwa kana kwamba wameelewa.
Nikanyosha mkono. Mwalimu, sifuri ni kitu ambacho hakipo;
nimewahi kumjazia nani mtungi wa sifuri?
Akacheka, akashika chaki, akachora kwenye ubao wa kanisa:
"Hatuhesabu ni mingapi, mama. Tunahesabu hatua kutoka bombani.
Wa kwanza hana hatua ya kupiga. Yuko pale pale."

Sikukubali. Nilinyamaza tu.

Kisha tukafika kwenye *kama*.
Kama, hilo ni neno ninalolijua hadi kwenye mifupa.
Kama tangi lina maji, fungua bomba.
La sivyo, geuza kibao, MAJI HAKUNA, na ujiandae kutukanwa.
Kama mtungi ni wa lita ishirini, shilingi tano;
la sivyo, shilingi tatu.
Ni njia panda, na mashine haisimami kujikuna kichwa:
inauliza swali moja, ndiyo au hapana, inashika njia.

Nikauliza: na Bi Achola je,
anayelipa mwisho wa mwezi, au mwisho wa mwezi ule mwingine?
"Mashine haimjui Achola. Mwandikie tawi lake."
Basi nikamwandikia, kwa kidole kimoja,
nikitafuta herufi kama anayechambua mchele:
au kama jina ni Achola, jaza, andika deni, usiulize.
Mstari huo ulinila nusu saa. Ndio mstari wangu bora.

Usiku, kwa kompyuta ya kukopa, nikaandika yote:
mitungi sita, pitia mmoja baada ya mwingine,
kama hivi, la sivyo vile.
Nikabonyeza. Skrini ikajaza mitungi mitano.
Mitano! Nikahesabu tena kwa vidole.
Haikulalamika, haikuandika kosa kwa rangi nyekundu,
ilimaliza kazi ikakaa kimya
kama mtu aliyekula cha mwenzake.

Nilikuwa nimeanzia moja.
Aliyerukwa ni yule wa nafasi ya sifuri,
na katika orodha yangu, niliyoipanga kama foleni ya asubuhi ile,
sifuri alikuwa Nasimiyu,
miaka tisa, mtungi wa lita tano,
ambaye hufika saa kumi na moja kasorobo giza likiwa bado
ili aiwahi kengele ya shule.
Aliyetangulia wote ndiye aliyebaki mkavu.

Nikafuta moja. Nikaweka sifuri.
Alama ndogo tu, mviringo, kama mdomo wa mtungi.

Asubuhi nilifungua mlango wa mabati kabla sijapiga mswaki.
Alikuwepo, ameukalia mtungi wake,
anasoma kwa taa ya kinu cha posho, midomo ikicheza.
Nyuma yake hapakuwa na mtu.
Hatukuwa tumeanza kuhesabu.

Tangi lilikuwa na maji. Nikafungua bomba.
Akanipa shilingi tatu, zina joto la kiganja.
Nilizikataa, kisha nikazipokea:
tawi la bure sikuliandika,
na yeye naye ana heshima yake.